Maji Mengi Mno Nayo Hudhuru

Huko Kona, kisiwani Hawaii, Marekani, wanamichezo huogelea kilometa 3.8, huendesha baiskeli kilometa 180, kisha hukimbia 42.2, kwenye joto na upepo mkali. Atokaye nchi za baridi afike siku 10 hadi 14 mapema, mwili uzoee.

Wengi huogopa kukaukiwa tu. Lakini anayekunywa maji matupu kupita kiasi huzimua chumvi iliyo katika damu: kichwa humuuma, hutapika, huchanganyikiwa, hata kuzimia. Watu humdhania amepungukiwa maji, wakamwongezea mengine! Mara nyingi huyo uzito wake umeongezeka badala ya kupungua. Asinyweshwe tena, akimbizwe hospitali. Wakati wa mazoezi anywe anaposikia kiu, naye ajipime uzito kabla na baada.