Kubandwa

Kubandwa ni ibada ya jadi ya kupandisha mizimu katika eneo la Maziwa Makuu ya Afrika. Huko Buha (zikiwemo Kibondo na Kasulu, Mkoa wa Kigoma, Tanzania) na Burundi mzimu mkuu huitwa Kiranga. Nchini Rwanda huitwa Ryangombe.

Wafuasi huingizwa kwa sherehe maalumu na hutakiwa kutunza siri. Tantra za India, ambazo nazo zina siri zake, huchunguzwa kupitia miswada ya Kisanskriti. Kubandwa haikuwa na maandiko, hivyo watafiti hutegemea hasa masimulizi ya wazee. Katika kitabu chake cha mwaka 1981, mwanahistoria Iris Berger alionyesha kwamba ibada hiyo iliwapa wanawake hadhi, na pengine ilitumika kupinga watawala.