Kifua Kinapouma: Tuombe, na Tusichelewe Kwenda kwa Munganga



Katika kipindi chetu cha maombi ya usiku, ombi moja linarudi mara nyingi kwenye simu ya redio: "Watumishi, niombeeni, kifua kinaniuma." Mmoja ni mchimbaji aliyetoka shimoni, mwingine ni mama aliyejifungua juzi, mwingine ni mzee mwenye tansio. Sisi tuliomba, tukasema amina, tukapokea simu ya mwingine. Leo tunakiri mbele yenu: hatukuuliza swali hata moja. Maumivu yameanza lini? Unapumua vizuri? Umekwisha kuonana na munganga? Tangu sasa tutauliza, na tunataka ninyi pia mjue sababu.

Tumkumbuke mfalme Hezekia, katika Isaya sura ya 38. Aliugua karibu kufa, akageukia ukuta, akaomba na kulia. Mungu alimsikia, akamwongezea miaka 15. Lakini nabii Isaya, yeye aliyeleta jibu hilo, aliagiza pia waweke mkate wa tini juu ya jipu la mfalme. Hakuna aliyesema kwamba dawa ile ilipunguza imani yake. Anayemlazimisha mgonjwa achague kati ya maombi na hospitali anatenganisha mambo ambayo Isaya hakuyatenganisha.

Kifua kina vitu vingi ndani yake, kwa hiyo maumivu yake yana sababu nyingi. Nyingine ni ndogo. Ndugu aliyebeba mifuko ya mawe siku nzima, au mama aliyebeba makala, anaweza kuumia misuli na mbavu. Maumivu hayo huongezeka ukiinama, ukijigeuza au ukigusa pale panapouma. Asidi ya tumbo ikipanda, inaunguza katikati ya kifua, hasa ukilala baada ya kula sana. Hofu na mawazo mengi pia hukaza kifua na kufanya moyo upige mbio. Lakini tusiseme "ni mawazo tu" kabla mgonjwa hajapimwa.

Sababu nyingine zinatoka katika mapafu. Nimonia huleta homa, kikohozi na maumivu ya kuchoma unapovuta pumzi. Kifua kikuu huanza polepole: kikohozi kinachopita wiki mbili, jasho la usiku, kukonda, pengine damu katika makohozi. Huo si ugonjwa wa kulogwa wala wa aibu. Makohozi hupimwa katika vituo vya afya vinavyoitwa CSDT, na dawa zake hutolewa bure. Matibabu ya kawaida ni miezi 6. Anayeacha dawa mwezi wa pili kwa sababu amepata nguvu anajihatarisha yeye na watu wa nyumba yake.

Hapa Kolwezi tuongeze neno juu ya vumbi. Anayetoboa au kuponda mwamba mkavu huvuta vumbi la silika, lisiloonekana vizuri kwa macho. Likikaa miaka katika mapafu, linayafanya kuwa magumu, na hakuna dawa ya kulitoa. Mapafu hayo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Kitambaa cha kufunga mdomo hakitoshi. Kulowesha mwamba kwa maji kabla ya kuupiga kunapunguza vumbi. Na vumbi halibaki shimoni. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba wakaaji wa Kasulo, mtaa uliochimbwa mpaka ndani ya lupango za watu, walikuwa na kobalti nyingi katika damu na mkojo, hasa watoto. Kwa hiyo, ndugu mchimbaji, vua nguo za kazi kabla ya kumbeba mtoto. Na ukifika kwa munganga, mwambie kazi unayofanya na miaka uliyoifanya, hata kama hakukuuliza.

Kisha kuna moyo wenyewe. Mshipa unaolisha moyo ukizibwa, sehemu ya moyo huanza kufa, na kila dakika ina thamani. Hatari ni kubwa zaidi kwa mwenye tansio, mwenye ugonjwa wa sukari na mvuta tumbako. Kwa wanawake, wazee na wenye sukari, wakati mwingine hakuna maumivu makali: ni pumzi fupi tu, kichefuchefu, jasho la baridi na uchovu usio wa kawaida. Pia damu inaweza kuganda katika mguu, kisha kipande chake kikapanda mpaka mapafuni. Hatari hiyo ni kubwa zaidi baada ya kujifungua, baada ya kupasuliwa, au kwa mtu aliyelala kitandani siku nyingi.

Basi, mpeleke mgonjwa hospitali saa hiyohiyo, hata usiku, ukiona moja ya haya:

- Kifua kinabanwa kama kimewekewa mzigo mzito, na maumivu hayaishi baada ya dakika chache za kupumzika.
- Maumivu yanaenda katika mkono, shingo, taya au mgongo.
- Anakosa pumzi, anatoka jasho la baridi, anazimia, au midomo inageuka rangi.
- Anakohoa damu.
- Mguu mmoja umevimba na pumzi imekuwa fupi.
- Ameanguka shimoni au amepigwa kifuani.
- Mtoto anapumua mbio na kifua chake kinaingia ndani.
- Mgonjwa wa SS, mtoto au mkubwa, analalamika kifua.

Mgonjwa wa namna hii asitembee kwa miguu, asipande pikipiki peke yake, asifungishwe, wala asipelekwe kwanza kwenye mkesha. Mwombeeni njiani. Mungu anasikia hata ndani ya taxi.

Mwenye maumivu madogo yanayorudi, au kikohozi kinachopita wiki mbili, asingoje mwisho wa mwezi. Aende kituo cha afya wiki hii. Asinunue vidonge vya maumivu kila siku katika farmasi, kwa kuwa vidonge hunyamazisha alama tu, ugonjwa ukaendelea.

Tuna neno pia kwa wale walioombewa wakaacha dawa za tansio au za sukari. Wenye ukoma kumi, katika Luka sura ya 17, Yesu aliwatuma wajionyeshe kwa makuhani, ambao kazi yao ilikuwa kuwachunguza. Uponyaji wa kweli hauogopi kupimwa. Kama Bwana amekuponya, kipimo kitaonyesha, na munganga mwenyewe atakupunguzia dawa. Mpaka siku hiyo, endelea kumeza. Ushuhuda wako hautapungua.

Tunajua kinachowazuia wengi si ukosefu wa imani, ni bei. Mtu anaogopa kudaiwa feza mlangoni, anasema nitaona kesho. Hapo kanisa lina kazi. Tunawaomba wachungaji na wamama wa vikundi vya maombi waweke sanduku dogo la wagonjwa katika kila kikundi, na waandike majina ya ndugu wawili wenye gari au pikipiki wanaoweza kuamshwa usiku. Msamaria mwema alimfunga mgonjwa vidonda, akampandisha juu ya mnyama wake, akalipa gharama. Hakumwachia maneno ya faraja peke yake.

Endeleeni kutupigia simu, tutaomba pamoja nanyi. Lakini msishangae tukiwauliza: "Umekwisha kwenda kwa munganga?" Tukisikia moja ya alama hizi, tutaomba kwa kifupi, kisha tutawaambia mwondoke.

Bwana awalinde ninyi na nyumba zenu. Amina.