Mtu wa Mjini Juu ya Dungu

Riwaya zetu za Kiswahili aghalabu zinaijua njia moja tu baina ya kijiji na mji, nayo ni ile ya kwendea mjini. Kijana huaga wazazi, hufika Dar es Salaam, huponzwa na starehe, na akirudi kwao hurudi amekonda. Ndyanao Balisidya aliisimulia vyema safari ya namna hiyo katika Shida, riwaya iliyotoka mwaka 1975, na sisi hatuna ugomvi nayo. Tunachouliza ni hiki: yuko wapi mwandishi wa kumpakia bwana wa mjini katika treni ya TAZARA, yeye na mkewe na makochi yao, akawashusha Ifakara, kisha akatuchekesha?

Bonde la Kilombero lina vichekesho tele vya kumngoja. Bwana huyo atapanda mpunga akidhani kazi imekwisha. Hajui kwamba mpunga ukianza kutia punje, kweleakwelea hushuka kama wingu, na mwenye shamba hana budi kuhamia dunguni, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, akaamia ndege tangu alfajiri hadi magharibi kwa kelele, makopo na kombeo. Usiku ni zamu ya nguruwe mwitu na kiboko. Masika mto hufurika mashambani, na yule jirani aliyemwita mshamba ndiye atakayemvusha kwa mtumbwi. Siku hizi lipo daraja la mita 384, lililofunguliwa mwaka 2018. Kabla yake kila aliyekwenda Ulanga alikingoja kivuko, na mto haukuuliza cheo cha mtu.

Ndugu zetu wa Visiwani wanaolima Cheju na katika mabonde ya Pemba hawahitaji kuelezwa haya. Wale wa Mji Mkongwe, walao wali kila mchana, huenda wakahitaji.

Lakini kicheko hicho kina kizuizi chake. Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvukazi, na katika Dar es Salaam watu wasioweza kuthibitisha kuwa wana kazi walikamatwa mitaani, wakapakiwa magarini na kupelekwa vijijini. Wengi walirudi upesi. Njaa na uhaba wa miaka ile vilikuwa vya kweli, na nia ya kuongeza chakula hatuilaumu. Hata hivyo, mzururaji alipoadhibiwa kwa kupelekwa kulima, mkulima naye aliambiwa, pasipo kutajwa jina, kwamba yeye yumo kifungoni tangu kuzaliwa. Lugha hiyo haijafa. Kila ofisa anayemtisha kijana kwamba atamrudisha kijijini akashike jembe, afikirie jinsi maneno yake yanavyosikika Mngeta na Mlimba.

Ndiyo maana tungependa shujaa wa riwaya hiyo awe ofisa mwenyewe. Apokee barua ya uhamisho, alie kama mfiwa, afike Ifakara na ombi la kurudishwa mjini tayari mfukoni. Achekwe na watoto kwa kurusha kombeo vibaya. Kisha wiki zipite, na kila akitaka kulipeleka ombi lake posta, akumbuke kwamba ndege wameanza kushuka na dunguni hakuna mtu.