Usimwage Maji ya Tambi

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko la shangazi yangu, Chanika mjini Handeni, sufuria ya tambi mkononi na mfuniko nimeubana kwa kitambaa, tayari kumwaga maji mtaroni. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua mchicha.

“Mwanangu, hayo maji unayapeleka wapi?”

“Namwaga, shangazi. Tambi zimeiva.”

“Hebu lete nione.” Alichovya mwiko, akauinua. Maji yakateremka taratibu na kuacha utando mweupe kwenye mti. “Huu si uji huu? Utamwagaje uji?”

Nimesomea sayansi ya chakula na nimeifundisha kwa miaka, na sijasikia maelezo mafupi na ya kweli kama hayo. Maji yaliyochemshia tambi ni uji mwepesi. Ukilielewa hilo, tambi za siagi na limao utazipika kwa dakika 20 tu, na zitatoka laini, zinang’aa, kila uzi umevaa mchuzi wake. Usipolielewa, utanunua siagi nzuri, utakamua limao zuri, halafu utakula tambi kavu huku mafuta yamelala chini ya sahani.

Chakula hiki chimbuko lake ni kusini mwa Italia, pwani ya Sorrento na Amalfi, kunakosifika kwa malimao. Hakina nyanya, hakina nyama, hakina nazi. Kina vitu vinne: tambi, siagi, limao na maji ya tambi. Chakula cha vitu vinne hakina pa kuficha kosa, kwa hiyo tuvitazame kimoja kimoja.

Maji

Tambi ni unga wa ngano uliokandwa kwa maji, ukapitishwa kwenye matundu, kisha ukakaushwa. Ndani ya unga mna chembechembe za wanga. Zikikutana na maji ya moto hufyonza, huvimba, na zile za juu hupasuka na kuachia wanga wake majini. Ndio ule ukungu mweupe aliouona shangazi. Kadiri maji yanavyokuwa machache, ndivyo ukungu unavyokuwa mzito.

Wapishi wa Italia wana kanuni yao: lita 1 ya maji kwa kila gramu 100 za tambi. Kwa pakiti ya gramu 400 hizo ni lita 4, sehemu moja ya tano ya dumu la lita 20. Handeni imeyafuata maji kwa dumu miaka mingi, na bomba lake kubwa, lile la mradi wa HTM (Handeni Trunk Main), linayavuta kutoka Mto Pangani, upande wa Korogwe. Kwa mji kama huo lita 4 si za kumwaga mtaroni.

Habari njema ni kwamba kanuni hiyo si sheria. Mwaka 2009 Harold McGee, mwandishi wa Marekani wa sayansi ya upishi, aliijaribu jikoni kwake na kuandika katika gazeti la New York Times kwamba tambi huiva vizuri kwa chini ya nusu ya maji hayo, mradi zikorogwe mapema zisishikane. Mimi natumia lita 2 kwa pakiti ya gramu 400. Nimeokoa maji, nimeokoa mkaa wa kuyachemsha, na uji uliobaki sufuriani ni mzito kiasi ninachokitaka.

Angalia pia pakiti yenyewe. Tambi za ngano ngumu, ile iitwayo durumu, huvumilia moto na kubaki na uzi wake. Zile za unga wa ngano wa kawaida hulainika upesi, kwa hiyo zionje mapema, dakika mbili au tatu kabla ya muda ulioandikwa.

Siagi

Madukani kwetu neno siagi limebeba vitu viwili. Ukiagiza siagi Manundu mjini Korogwe au Chanika, mara nyingi utapewa kopo la majarini, mafuta ya mimea yaliyogandishwa na kutiwa chumvi, rangi na harufu. Siagi ya maziwa ni kitu kingine. Karibu asilimia 80 yake ni mafuta ya maziwa, asilimia 16 hivi ni maji, na kilichobaki ni vijichembe vya maziwa vyenye ladha ile ya utamu na karanga. Kwa chakula hiki tafuta siagi ya maziwa. Kama una ng’ombe au jirani mwenye ng’ombe, engua malai ya maziwa kwa siku kadhaa ukiyaweka mahali pa baridi, kisha yatie kwenye chupa yenye mdomo mpana na uyatikise mpaka mafuta yajitenge na kushikana kuwa bonge. Osha bonge hilo kwa maji safi ya baridi, tia chumvi kidogo, siagi hiyo.

Samli nayo inafaa, ila karibu yote ni mafuta. Haina maji wala vijichembe vya maziwa, kwa hiyo tumia theluthi mbili ya kipimo cha siagi na uongeze maji ya tambi. Majarini itakulisha, lakini punguza chumvi na usitegemee harufu ya maziwa.

Usibadilishe siagi kwa maziwa. Maziwa yana protini nyingi iitwayo kasini, na protini hiyo hugandana uchachu ukifika pH 4.6. Maji ya limao yana pH kati ya 2 na 3. Ukivikutanisha kwenye moto, maziwa yatakatika vipandevipande mbele ya macho yako. Siagi haikatiki hivyo kwa sababu kasini yake ni kidogo mno.

Mafuta na maji hayakai pamoja. Ukiyapiga kwa mwiko, mafuta huvunjika kuwa matone madogo, lakini ukiacha tu, matone yanakutana, yanaungana na kupanda juu. Hapo ndipo wanga unapofanya kazi ya mshenga. Unayafanya maji yawe mazito, matone yanashindwa kutembea na kukutana, na mchuzi unabaki umeshikamana, mweupe kama tui. Bila uji wa tambi hakuna mchuzi. Kuna siagi iliyoyeyuka na maji machachu.

Limao

Mkoa wa Tanga, ilipo Handeni, unajulikana kwa machungwa, na msafiri yeyote wa basi la Arusha au Dar es Salaam ameyaona yamepangwa barabarani. Wachache wanajua kwamba chini ya mchungwa mara nyingi kuna mlimao. Mwenye kitalu huotesha mbegu za lile limao la ganda lenye vinundu. Mche ukifika unene wa penseli, huubebesha kikonyo cha mchungwa. Mizizi ya mlimao huo ina nguvu, huenda chini na kuvumilia ukame, na juu yake mchungwa huzaa matunda matamu. Chipukizi likitoka chini ya mahali palipobebeshwa, na mkulima asilikate, litazaa malimao. Ndiyo maana shambani kwa machungwa hukosi limao, na mara nyingi linaozea chini ya mti.

Limao hilo lina mbegu nyingi na ganda nene. Utajiri wake mkubwa uko kwenye ganda. Kunja kipande chake karibu na mwanga wa taa na utaona mvuke wa mafuta ukiruka. Hayo ndiyo yenye harufu ya limao. Maji ya ndani yana uchachu, lakini harufu yake ni ndogo. Anayekamua maji na kutupa ganda amechukua uchachu na kutupa limao.

Kwaruza ganda kwa upande mdogo wa kikwaruzio cha karoti, ile njano ya juu tu. Ukifika kwenye nyeupe, geuza. Nyeupe ni chungu. Ndimu pia unaweza kutumia, ila ganda lake ni jembamba na maji yake ni makali zaidi, kwa hiyo anza na nusu ya kipimo.

Namna ya kupika

Kwa watu wanne andaa tambi gramu 400, siagi gramu 80 ambayo ni vijiko sita vya chakula, malimao mawili, punje mbili za kitunguu saumu ukipenda, pilipili manga na chumvi.

Bandika lita 2 za maji. Wakati yanachemka, osha malimao vizuri, kwaruza ganda, kisha kamua vijiko vitatu vya maji yake na uchuje mbegu. Kata siagi vipande vidogo na uiweke mahali pasipo na joto. Inatakiwa iingie sufuriani ikiwa imeganda.

Maji yakitokota, tia chumvi kijiko kimoja cha chakula, kisha tambi. Koroga bila kuacha kwa dakika mbili za mwanzo, maana ndipo zinaposhikana. Zikibakiza dakika moja kuiva, wakati katikati ya uzi bado kuna ugumu kidogo ukiuma, chota vikombe viwili vya maji uweke pembeni. Chuja tambi juu ya bakuli ili na maji mengine yabaki.

Rudisha tambi kwenye sufuria pamoja na kikombe kimoja cha maji yake na kitunguu saumu kilichopondwa. Weka kwenye moto kwa dakika moja ukigeuza. Kisha epua. Hapa wapishi wengi wa jiko la mkaa hukosea, kwa sababu mkaa hauzimwi kwa kitufe. Sufuria iwe chini kabisa, mbali na jiko. Tia siagi vipande vichache, geuza kwa nguvu mpaka viyeyuke, tia vingine. Siagi ikiisha utaona mchuzi umekuwa mzito na unang’ang’ania tambi. Ndipo utie ganda la limao, kisha maji ya limao kijiko kimoja kimoja huku ukionja. Malizia na pilipili manga. Pakua mara moja.

Limao linaingia mwisho kwa sababu mafuta ya ganda lake ni mepesi na yanaruka na mvuke. Ukilitia mwanzoni, harufu itajaa jikoni na sahani itabaki na uchachu mtupu.

Mchuzi ukikataa

Mafuta yakijitenga, ujue joto lilizidi au maji yalipungua. Ongeza vijiko viwili vya uji wa tambi ulioweka pembeni, ugeuze kwa nguvu nje ya moto, mchuzi utarudi. Tambi zikinata na kukauka, dawa ni hiyohiyo. Uchungu hauna dawa, umetoka kwenye nyeupe ya ganda, na safari nyingine kwaruza kwa mkono mwepesi. Uchachu ukizidi, ongeza kipande cha siagi.

Chakula hiki peke yake ni wanga na mafuta. Kiwekee pembeni perege wa kukaanga, maharage, au mboga ya majani, hapo mlo umekamilika.

Siku ile Chanika tulikula tambi hizo na mchicha wa shangazi. Aliupika kwa maji yaliyobaki kwenye bakuli, karibu vikombe vitatu, pamoja na kitunguu na nyanya moja. Mchuzi wa mchicha ukawa mzito bila karanga wala nazi. Mtaro ulibaki mkavu.