Sumaku na Kipimo cha Nuru

Wako wadhanio kuwa chombo kisicho na sumaku ndani yake hakiwezi kudhuriwa na sumaku. Sivyo. Na tuitazame jairoskopu ya uzi wa kioo, isaidiayo kuongoza ndege na meli. Miali miwili ya nuru hupitishwa katika uzi mmoja uliozungushwa mizingo mingi: mmoja waenda kulia, mwingine kushoto. Chombo kikigeuka, miali haifiki pamoja. Mfaransa Sagnac alilionyesha jambo hilo mwaka 1913.

Lakini tangu mwaka 1845, Mwingereza Faraday alikwisha kuonyesha kuwa sumaku hupindua mkao wa mtikisiko wa nuru ipitayo katika kioo. Uzi ukiwa umesokoteka, hata sumaku ya dunia yaweza kuitenganisha miali hiyo, na chombo kikatangaza mgeuko usiokuwapo. Kosa dogo, likijumlishwa saa baada ya saa, humpoteza nahodha naye akiamini yu njiani.

Dawa ipo: kukifunika chombo kwa bati la mchanganyiko wa nikeli na chuma, lizuialo sumaku. Kwa hiyo twawaambia ndugu zetu mafundi: kipimo kisicholindwa wala kukaguliwa kisiaminiwe.