Mchango wa Uchunguzi wa Maiti katika Kutambua Homa ya Mgunda: Mfano wa Rondo na Ruangwa

Makala haya yanafafanua jinsi uchunguzi wa maiti unavyofichua magonjwa yanayodhaniwa kuwa adimu, kwa kurejelea homa ya mgunda iliyozuka wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, mwaka 2022. Hoja inayotetewa ni kwamba ugonjwa unaweza kuwa adimu katika kumbukumbu za hospitali bila ya kuwa adimu vijijini.

Uwanda wa Rondo hupanda hadi karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, na Ruangwa iko upande wake wa magharibi. Wakazi wengi wa eneo hili huishi kwa kilimo. Julai 2022 watu 20 waliripotiwa kuugua homa, kuumwa kichwa, kuchoka sana na kutokwa damu puani, 3 walifariki. Vipimo vya Ebola, Marburg na UVIKO-19 havikuonesha maambukizi, na tarehe 18 Julai Wizara ya Afya ilitangaza kuwa kisababishi ni bakteria wa leptospira. Bakteria hao huishi katika figo za panya na wanyama wengine, hutoka kwa mkojo, kisha humwingia binadamu kupitia michubuko ya ngozi au utando laini wa macho, pua na kinywa. Jina la mgunda, yaani shamba, linataja mahali pa hatari kwa usahihi kuliko jina la kitaalamu.

Sampuli za wagonjwa zilitaja kisababishi. Jambo ambalo sampuli ya damu haiwezi kulionesha ni namna mgonjwa anavyokufa, na hapo ndipo mfano wa Nikaragua unapofaa. Mwaka 1995, baada ya mvua kubwa na mafuriko, watu wa Achuapa waliugua homa kali na baadhi yao walifariki wakivuja damu mapafuni. Kwa kuwa hawakuwa na manjano, dalili iliyohusishwa na ugonjwa huu tangu Adolf Weil alipoueleza mwaka 1886, dengi ndiyo iliyoshukiwa kwanza. Tishu zilizotolewa katika maiti zilipochunguzwa Marekani kwa kingamwili maalumu, leptospira ilionekana. Kwa hiyo kuvuja damu mapafuni bila manjano kulitambuliwa kuwa sura kamili ya ugonjwa, si ajali ya mgonjwa mmoja. Daktari anayesubiri macho yageuke manjano ndipo amfikirie leptospira atachelewa.

Afrika Mashariki haikuwa ngeni kwa njia hii. Mwaka 1948 J. N. P. Davies, akifanya kazi ya patholojia Kampala, alieleza ugonjwa wa makovu yanayotanda ndani ya vyumba vya moyo, alioubaini kwa kupasua maiti.

Uzito wa suala hili unaonekana zaidi katika utafiti uliofanyika Moshi mwaka 2007 na 2008. Kati ya wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, asilimia 60.7 walidhaniwa kuwa na malaria, ilhali waliothibitika walikuwa asilimia 1.6 tu. Uwiano huo hauwezi kuhamishiwa Lindi moja kwa moja, kwani malaria ya pwani ni nyingi kuliko ya Kilimanjaro. Hata hivyo, unaonesha kuwa neno malaria katika cheti cha kifo, pasipo kipimo, ni ushahidi dhaifu.

Kikwazo kikubwa si ujinga wa wanandugu, kama inavyodaiwa mara nyingi. Pwani ya Lindi ina Waislamu wengi, na sheria ya dini huhimiza maiti azikwe haraka na mwili wake uheshimiwe. Kumpasua huonekana kumvunjia heshima. Njia ya kuchukua vipande vidogo vya tishu kwa sindano, iliyolinganishwa na upasuaji kamili katika Hospitali Kuu ya Maputo, haiachi mshono wala haibadili umbo la mwili. Kwa homa ya mgunda viungo vya kulengwa ni mapafu, ini na figo. Katika eneo ambalo maziko hufanyika siku hiyohiyo, ridhaa ya familia hupaswa kuombwa na mtu wanayemfahamu, sindano itumike ndani ya saa chache, na tishu zitiwe katika fomalini kituoni hapohapo kabla ya kusafirishwa.