MRI ya Tezi Dume: Lipia Hiki, Kile Achana Nacho

Daktari akishaandika MRI ya tezi dume, swali la kwanza huwa ni bei. Ni haki yako kuuliza, maana Tanzania kipimo hiki ni cha laki kadhaa na Kenya ni cha makumi ya maelfu. Tatizo ni kwamba vituo viwili vinaweza kukutajia bei zinazokaribiana huku vikikuuzia vitu viwili tofauti.

Kimoja kitapiga nyonga nzima, kwa vipande vinene. Kingine kitapiga tezi yenyewe, vipande vya milimita 3, kwa kufuata mwongozo wa PI-RADS. Mwongozo huo ulitolewa na wataalamu wa radiolojia wa Ulaya mwaka 2012, kisha ukaboreshwa wakishirikiana na wenzao wa Marekani, na toleo la 2.1 likatoka 2019. Unaelekeza picha zipigwe vipi na zisomwe vipi, kwa alama ya shaka ya saratani kuanzia 1 hadi 5. Ile ya nyonga nzima usiichukue hata ukipewa punguzo, kwa sababu daktari wa mkojo ataiangalia, atatikisa kichwa, na utalipa upya.

Kabla ya yote, kama PSA, yaani kipimo cha damu cha tezi dume, imepanda kidogo tu, muulize daktari kama inafaa kuirudia baada ya wiki chache. Maambukizi ya njia ya mkojo huipandisha, na kurudia kipimo cha damu ni nafuu sana kuliko MRI.

Sasa tuje kwenye sindano ya dawa ya rangi, ambako pesa nyingi hupotelea. Mapokezi watakutajia bei ya kipimo. Dawa, kanula na kipimo cha figo kinachotangulia vitajitokeza kwenye bili baadaye. Kazi ya dawa hiyo katika PI-RADS 2.1 ni finyu: inapandisha alama ya 3 kuwa 4 pale kidonda kilipo pembeni mwa tezi. Mwaka 2025 yalitoka matokeo ya utafiti wa PRIME, uliofanyika katika vituo 22 vya nchi 12 kwa wanaume 490. Picha za wanaume haohao zilisomwa bila za dawa na pamoja nazo, na saratani ya kutisha ikakutwa kwa kiwango kilekile, takriban asilimia 29.

Kwa hiyo muulize daktari wako kama anaridhika na MRI bila dawa ya rangi. Wengi wataridhika, kwa sharti moja: picha ziwe safi. Ukiwa na chuma kwenye nyonga au umeshatibiwa tezi hiyo, mambo hubadilika na dawa inaweza kuwa na maana.

Usafi wa picha una upande wako usio na gharama. Nenda choo kabla ya kipimo, maana gesi kwenye utumbo huharibu picha. Na kama umeshachukuliwa kinyama (biopsi), subiri angalau wiki 6, la sivyo damu iliyobaki itamchanganya msomaji.

Mashine ya Tesla 3 hutoa picha kali kuliko ya 1.5, lakini mwongozo unazikubali zote mbili. Usipande basi usiku kucha na kulipia gesti kwa ajili ya Tesla 3 ikiwa mjini kwako kuna 1.5 iliyopangwa vizuri. Mimi ningetanguliza kuuliza nani anasoma picha, na amezoea tezi dume au anasoma kila kitu.

Ripoti ya kulipia husema hivi: ukubwa wa tezi kwa mililita, kidonda milimita 11, pembeni kushoto, PI-RADS 4. Ikikuambia tu "tezi imevimba, fanya biopsi", irudishe. Uliza pia kama ada ya msomaji na CD zimo ndani ya bei. CD iwe na picha zote, kwa sababu filamu mbili za kumulika dirishani hazimsaidii daktari mwingine.

Faida kubwa ya MRI iko kwenye biopsi. Katika utafiti wa PRECISION wa 2018, wanaume 500, sindano iliyoongozwa na MRI ilikamata saratani ya kutisha kwa asilimia 38, dhidi ya 26 kwa njia ya zamani. Alama ikiwa 1 au 2, daktari anaweza kukushauri ufuatilie PSA tu, na hapo umeokoa gharama ya biopsi nzima. Programu ya kuunganisha MRI na utrasaundi ni ghali na haipatikani kila mahali. Daktari mzoefu anaweza kulenga kwa macho akiwa na picha mbele yake. Uliza bei ya maabara ya patholojia, maana mara nyingi hutozwa kando, pengine kwa kila kichupa.

Wapo wasiohitaji kununua kipimo hiki. Kama PSA iko kwenye mamia, kidole cha daktari kimekuta tezi ngumu yenye vinundu, na mgongo unauma, MRI ya kutafuta saratani haitaongeza mengi. Zungumza naye kuhusu kwenda moja kwa moja kwenye biopsi, na pesa iliyobaki iende kwenye kipimo cha mifupa.